Trei ya Chini Kabisa

Chumba cha kukaushia,
Nyuma ya karakana ya seremala.
9 Agosti

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Na goti linasemaje siku za baridi? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kugombeza iko palepale.

Nianze na langu, maana limenikaa kooni wiki tatu. Ile barua uliyomwandikia mama, kwamba nyanya ninazokausha "zimepikwa polepole tu", aliisoma kwa sauti sebuleni, wageni wapo. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo shemeji yako, huyu mume wangu, ananiita Mpishi. Kaka, kikaushio hiki nimekiunda mwenyewe kwa mabati ya friji bovu na feni ya kuokota. Hakuna aliyenishika mkono.

Basi maneno yakamfikia mnunuzi wangu mkubwa, mama mwenye duka la vyakula vibichi. Sharti lake ni moja: kilichozidi digrii 46 si kibichi tena, hakiingii dukani kwake. Akaja na kipimajoto, akakiweka karibu na hita. 51.

"Hapa umepika, mwenzangu. Tuachane kwa amani."

"Kwani wateja wako wanakula nyanya au wanakula upepo?" nikamuuliza. Nikakichomeka kipimajoto katikati ya kipande: 38. Nyanya yenye maji hupoa inapokauka, kama wewe ukitoka kuoga upepo ukupige. Nguo ikianikwa, nani husema imepikwa? Akacheka, akakubali, akachukua mkoba wake aende zake.

Hapo ningenyamaza tu. Lakini unanijua kwa hesabu. Kipande kikishakauka hakina tena maji ya kukipoza, na mimi nilikuwa nimepima trei moja, tena mapema. Nikamzuia. Tukasubiri saa ya mwisho, tukawa tunaviringisha vipande kwenye ncha ya kipimajoto, trei baada ya trei. Tisa hazikufika 45. Ya chini kabisa, iliyo juu ya hita, ilisoma 49.

Yeye akainamia ile trei, kisha akasema, "Hiyo niondolee. Hizo tisa nitachukua kila Jumatatu. Na kipimajoto baki nacho, wewe ni mkali nacho kuliko mimi."

Kwa hiyo kaka, katika ubishi wetu umeshinda trei moja kati ya kumi. Nimekufungia yote kwenye kifurushi hiki, ni haki yako. Na kusema kweli, zimekuwa tamu kuliko zile tisa.

Nisalimie wifi na mapacha. Mama na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akupe afya, na meno ya kutafunia ushindi wako.

Wako akupendaye hata ukikosea mara tisa,
Dada yako mdogo