Mirija Minane ya Gari la Lado

Juba, Jumatatu, 4 Machi 1974

Lado, ndugu yangu,

Injini iko chini. Jirani alinisaidia kuishusha, ikatubana vidole. Hedi zote mbili, vile vifuniko vya silinda, nimefungua. Mirija minane ya kurudisha oili imeliwa na kutu, miwili ina matundu. Ndiyo maana gari lako lenye mgongo wa kobe liliacha doa kila liliposimama hapa Buluk. Ulisema utaitengeneza Jumapili. Ijumaa watu wa Sherikat wakakuua huko kwao ng'ambo ya mto, kwenye foleni ya daraja, kwa mpini wa jeki. Kisa, nani alitangulia.

Mke wako Poni anataka kuwapeleka watoto kwa mama yake, Yei. Kwa hiyo natengeneza. Mikono ikiwa na kazi sioni kichwa chako kilivyokuwa.

Jumanne, 5 Machi

Mirija mipya uliyoagiza imeletwa na lori kutoka Arua. Ncha zake zina mikunjo kama kodiani. Unaivuta kwanza irefuke kidogo, ili hedi ikikazwa ibane raba zinazozuia oili. Ulinifundisha hukohuko Arua, tukiwa wakimbizi. Oili ulikuwa ukipangusa kwenye paja la kulia la suruali. Siku zote la kulia. Poni hajaifua ile suruali.

Binamu yetu Jada alikuja. Hajalia hata siku moja. Ananoa panga tu. Waliokuua wamo korokoroni, sasa anataka ndugu zao.

"Gari hii inatembea lini?"

Nikasema Alhamisi.

"Maliza mbio. Sisi iko watu wanne na jerikeni ya petroli. Tunachoma nyumba yao Jumamosi alfajiri, kabla wazee hawajakaa. Kwa miguu watatuona."

Wazee wa pande zote mbili wanakaa Jumamosi saa nne kutupatanisha. Nilipaswa kumkatalia. Sikumkatalia. Nilitaka ile nyumba iungue. Naandika hivi nisije nikajidanganya baadaye.

Alhamisi, 7 Machi

Injini imerudi mahali pake. Nikawasha. Oili ikatiririka upande wa kushoto. Kosa langu. Mirija minne nimeiweka mshono wa bati ukiwa chini. Mshono hukaa juu, kila fundi anajua. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Jada akacheka kwa hasira. "Ya akhu, ndugu yangu, wewe iko fundi ama iko mpishi? Lado angekupiga kofi." Akanisukuma kifuani, nikakalia karai la oili chafu. Akanipiga teke la paja, akaenda.

Nilifurahi ilipovuja. Halafu nikaona aibu kufurahi.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nilikwenda Sherikat kutafuta raba nyingine. Nilipita kwenye nyumba yenyewe. Nyasi kavu juu. Mwanamke anapepeta mtama, mtoto mgongoni. Bibi kizee mlangoni, anajikuna mguu. Sikuwahurumia. Nilitazama milango. Ni mmoja tu. Nikawaza: hawatatoka. Nilifika dukani, nikasahau nilichofuata mpaka muuzaji aliponiuliza.

Jioni nimeifunga tena, mshono juu. Nimewasha. Kavu kabisa. Sikuweza kulifanyia gari lako kazi mbaya mara mbili. Jirani amemwambia Jada. Mjinga mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Walikuja alfajiri. Wanne, mapanga, jerikeni. Jada akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikasema ngoja nikague chini. Nikaingia na nyundo.

Ule mrija wa kwanza ulipasuka kwa pigo moja. Oili ikanijaa machoni, mdomoni. Nikaendelea kupiga. Niliwapiga wao, Lado, wale wa jeki. Kila pigo. Nilipiga nikipiga kelele. Mirija sita ilikuwa imepondeka waliponivuta kwa miguu. Bila oili injini haifiki hata darajani.

Jada alinipiga kwa spana ya magurudumu. Kifundo cha mkono nilikisikia kikivunjika. Meno mawili nimeyatema.

"Umeuza damu ya ndugu yako! Mbwa!"

Poni akatoka jikoni na mchi. Akampiga Jada mgongoni, Jada akaanguka kifudifudi kwenye oili.

"Muueni na huyu basi! Mnimalizie wanaume wote wa nyumba hii!"

Wale watatu wakamwinua Jada. Waliondoka na jerikeni yao. Kulikuwa kumekucha.

Jumapili, 17 Machi

Wazee walikaa. Watu wa Sherikat walileta mbuzi wa mapatano. Tulinawa mikono nao katika beseni moja. Yule mwanamke alikuwepo na mtoto wake. Sikuweza kumtazama.

Poni na watoto wamekwenda Yei kwa lori, juu ya magunia. Jada hapiti hapa. Tukikutana njiani anatema mate.

Hasira bado ipo. Asubuhi ni kubwa, mchana hupungua. Joto kali leo. Nimekunywa chai, nimekaa uani.

Gari lako nimelivunja mimi, Lado. Huko uliko, unikumbuke.