Mikono ya Madaktari Wanafunzi

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Ekerenyo tuko salama, na babu yako bado anagombana na kuku. Unauliza kama hiyo kazi yako, ya kuwauliza wagonjwa jinsi madaktari wanafunzi walivyowahudumia, inasaidia mtu.

Nikiwa na mimba ya mjomba wako mdogo, nililazwa hospitali ya Kisii. Mwanafunzi alinipima tumbo, akaenda. Kisha akaja mama mmoja mfanyakazi wa chuo chao, akaniuliza kwa lugha yetu ya Ekegusii, "Ulihisi vipi alipokugusa?" Aniulize mimi, mchuma chai!

Nikasema, "Mikono yake ilikuwa baridi."

Kesho yake wanafunzi wote waliingia wakisugua viganja. Mama wa kitanda cha pili akashangaa, "Leo wana nini hawa?"

Mikono yote ile ilikuwa imenisikia.

Nyanya yako,
Kemunto