Kitabu cha Kliniki

Kaloleni, Nairobi
14 Septemba

Kwa ndugu yangu mpendwa Ndolo,

Pokea salamu za dada aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. U hali gani huko Doha? Joto limepungua, au bado mnaendesha malori mkiwa mmefunga vitambaa vichwani? Huku tu wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Barua hii utaletewa na Wakoli, mwenzako aliyekuja likizo. Najua utashangaa kwa nini nimeandika na simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza, nami ningeanza kujitetea, na tungeishia kugombana bila mimi kusema ninachotaka kusema.

Ulisema juzi kwamba mwezi huu ukiisha hutaki kusikia Jacky yumo katika nyumba aliyotuachia mama, kwa sababu mwanamke aliyeacha kliniki kwa uvivu hadi mtoto akafia tumboni si wa kuishi naye. Amekutii. Begi lake limekaa kando ya mlango tangu Jumapili. Mama yake alishafariki, na baba yake, mzee Kiarie, alihama Makongeni akaenda kuishi na mke mwingine asiyetaka hata kumwona Jacky, kwa hiyo sijui ataenda wapi, naye hajui. Basi kabla hajatoka, isome barua hii hadi mwisho.

Uliponiachia mkeo mwezi wa Machi, mimba ikiwa ya miezi mitatu, nilikuahidi kwamba nitamtunza kama mdogo wangu wa tumbo moja. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimemchoka. Alitapika kila asubuhi mpaka majirani wakawa wanajua saa bila kutazama saa. Nikikaanga vitunguu anatoka mbio. Kutwa alitafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa kibandani, krr, krr, mpaka meno yangu mimi ndiyo yakawa yanauma. Matiti yakamuuma, kisha mgongo, na alikwenda msalani mara tatu kabla sijamaliza kikombe kimoja cha chai. Siku moja alilala kitini kijiko kikiwa mdomoni. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba mimi nilizaa Eve nikiwa nimesimama dukani mpaka siku ya uchungu, wala hakuna aliyenishikia kijiko. Wageni walicheka, naye akacheka nao.

Kilichonikera kupita vyote ni kulia. Alililia tangazo la sabuni. Alimlilia paka wa Mama Waringa, jirani yetu, aliyegongwa na bodaboda, paka yuleyule aliyekuwa akimfukuza na ufagio. Nikimuuliza analia nini, anajipangusa akitabasamu: "Hata mimi sijui, Mama Eve. Machozi yanajileta tu. Sista wa kliniki alituambia ni kawaida." Kisha anafungua kile kitabu chake cha kliniki na kunisomea. Kichefuchefu, kawaida. Usingizi, kawaida. Hasira, hofu, machozi yasiyo na sababu, kawaida. Na jioni unapiga simu ya video kumuuliza hali ya miguu yake, ukimwambia alie tu kama moyo unataka kulia. Nasimama tangu asubuhi katika duka la Abdiwali kule Eastleigh, nikiuza nguo za watoto, na hukuwahi kuuliza hali ya miguu yangu.

Nilipokuwa na mimba ya Eve nililia miezi minne. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Mama alisema nimeshikwa na uvivu wa mjini. Baba yake Eve alinizaba kofi kwa kuwa nilimlilia mbele ya jamaa zake. Miaka kumi na tisa nimeishi nikiamini kwamba nilikuwa mwanamke mbovu, halafu huyu msichana ananisomea, akiwa amekalia kiti changu, kwamba haikuwa kitu. Nilimchukia, Ndolo. Sina neno la kulipamba hilo.

Mwezi wa Julai kitabu kikapotea. Jacky aliipindua nyumba nzima akikitafuta, na mimi nikamsaidia. Niliinua godoro kwa mikono yangu, nikatoa sufuria zote kabatini. Siku ya kliniki ilipofika alitaka kwenda vivyo hivyo, nami nikamwuliza kama amesahau vile mwanamke aliyepoteza kitabu anavyofokewa mbele ya benchi zima, nikamwambia huenda wakamrudisha nyumbani na tumbo lake. Anaogopa sana kufokewa, unamjua. Akasema basi atasubiri, kitaonekana tu. Siku ya pili ya kliniki ikapita hivyo hivyo.

Kisha, Jumatano moja asubuhi mwezi wa Agosti, aliamka uso umevimba, macho yamekuwa madogo, na pete yako imekataa kutoka kidoleni. Alisema kichwa kinampasuka na kwamba anaona vimulimuli mchana kweupe. Akaniuliza kama hii nayo ni kawaida. Nilikuwa najifunga kitambaa nitoke kwenda kazini. Nikamwambia, si wewe ndiye uliyesema kila kitu ni kawaida? Mama Waringa alisikia dirishani, akaniambia huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Nikamjibu achunge watoto wake.

Alhamisi asubuhi Jacky alianguka pale kwenye mfereji wa maji. Alitetemeka mwili mzima, akauma ulimi mpaka damu. Mama Waringa ndiye aliyetafuta gari, si mimi. Daktari alisema ni kifafa cha mimba, kwamba presha ilikuwa ikipanda kwa wiki kadhaa, na kipimo kidogo tu cha mkono kingeionyesha. Mtoto alikuwa wa kiume, Mbithi, kwa jina la baba yetu kama ulivyotaka. Alitoka amekwisha kufa. Nilimvika nguo niliyotoa dukani.

Siku hiyohiyo nilikupigia nikakuambia kwamba mkeo aliacha kwenda kliniki kwa uvivu. Uliniamini bila kuuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

Aliporudi kutoka hospitali, maziwa yalimjia siku nyingi na hakuna wa kunyonya. Alikuwa akifunga kifua kwa leso na kufua leso ileile kila asubuhi. Sasa halii kabisa. Jumapili, baada ya kufunga begi, alikuja akaketi miguuni pangu, akaniomba msamaha kwa kupoteza kitabu. Alisema nilimlea kama mama, naye akaniaibisha kwa uzembe wake. Nilimwambia amesamehewa.

Ndolo, kitabu hakikupotea. Nilikichukua mimi, nikakitia mkobani, nikakipeleka Eastleigh na kukificha chini ya shali za watoto dukani kwa Abdiwali. Nilitaka anyamaze wiki moja tu, nisisikie tena neno kawaida. Wiki ikawa mwezi, na kila siku ikawa vigumu zaidi kukirudisha.

Si hilo tu. Ile Jumatano, baada ya kumwacha nyumbani na kichwa chake, nilikitoa kitabu nikakifungua. Pembeni ya ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli, kabla sijakichukua: "Niulize sista, vidole vimeanza kuvimba jioni, ni kawaida?" Chini yake kitabu chenyewe kilimjibu. Uso na mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli, aende hospitali mara moja. Nilisoma mara mbili. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Akaja mteja akitaka shali nyeupe, nikafunga kitabu, nikamuuzia. Jioni nilirudi nyumbani, nikamkuta amelala amejifunika uso kwa sababu ya mwanga, na sikusema kitu.

Kitabu nampa Wakoli pamoja na barua hii, uone mwandiko wa mkeo mwenyewe. Jacky bado hajui. Nimejaribu kumwambia mara mbili, nikaishia kumwomba chumvi. Mwambie wewe. Mimi naogopa, na sitakudanganya kwamba ni huruma.

Eve anakusalimu, anasema masomo yanaendelea vizuri. Mama Waringa pia anakusalimu, ingawa mimi haniongeleshi. Jacky ameniona nikiandika, akajua ni kwako, akanitengenezea chai akaiweka hapa mezani. Hakuuliza ninaandika nini. Ameniomba tu nikufikishie salamu zake, na nikuombe kwa niaba yake umsamehe kwa kumpoteza mtoto.

Nimezifikisha.

Ni mimi dada yako,
Mbeti