Mama Alipoligombeza Shati

Ohonua, kisiwani 'Eua
9 Juni

Kwako Dada Kalolaine,

Pokea salamu. Nakupa kwa sababu mama yuko hapa mlangoni na ameniamuru nianze nazo, si kwa kupenda kwangu. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima huko Auckland na baridi haijawatesa. Sisi tunapumua. Nguruwe amezaa, viazi vikuu vimekubali, na paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote.

Najua mdogo wa kiume hamwandikii dada yake mkubwa hivi. Ulipokuja Krismasi nilikula nje siku kumi na mbili ili nisikae chumba kimoja nawe, kama tulivyolelewa, na kila ulichoagiza niliitikia. Leo heshima hiyo naiweka kando. Nimekasirika, na kwenye simu sauti yako hunifunga mdomo.

Daftari lako limefika, lile la maua, lenye mistari mitatu kila siku ya kuandika vitu vidogo vilivyotufurahisha. Dada, nani alikuambia hatujui kufurahi? Wewe unayekula umesimama, funguo za gari mkononi, ndiye wa kutufundisha? Mama amekwisha kuchana kurasa za mwanzo anasokotea tumbaku, na anasema karatasi ya Auckland inawaka vizuri. Hiyo ndiyo furaha aliyoipata humo.

Mimi furaha yangu ilikuwa na saa yake. Kila jioni nikitoka shamba mama huwa kizingitini, na kabla sijatua mzigo ananipokea kwa matusi. Viazi vyangu vyembamba kama vidole vya mchungaji. Nanuka kuliko nguruwe. Miaka hamsini na moja, na hajatokea mwanamke mwenye shida kiasi cha kunichukua. Nami humjibu kwamba walikuja wengi, wakakimbia walipomwona mama mkwe. Mama hucheka mpaka akohoe, kisha tunakula. Basi, ni hilo tu. Sikuwa na kingine wala sikutaka kingine. Ukaja wewe ukasema unamchukua akatolewe mtoto wa jicho huko kwenu. Ulisema huku unafunga sanduku, kama mtu anayerudishiwa sufuria yake aliyoiazimisha. Na ukishasema wewe mkubwa wetu, nani atabisha?

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa njia ya nyuma, nikamsikia ameshaanza. Anauliza, "Leo umebeba nini, mvivu wewe? Au umewaachia panya wavune?" Nikanyamaza nione atafika wapi. Siku hizi anaona vivuli tu, na alikuwa ameelekea kwenye kamba ya nguo, analigombeza shati langu la kazi. Nikajibana nisicheke. Aliendelea kulitukana, na shati halijibu. Kisha akashusha sauti, akasema, "Sosaia, umenikasirikia?"

Kicheko kilinikauka palepale.

Basi sikia, sitazunguka. Daktari hakumkataza mama kupanda ndege. Niliyokuambia kwamba moyo wake hauwezi safari ni uongo wangu. Daktari alisema moyo ni mzima na aende upesi, maana macho hayangoji. Mama naye nilimwambia wewe ndiye uliyeahirisha. Miezi sita, dada. Nimemwacha mama yangu apofuke ili nipate wa kunitukana jioni. Naona aibu, na hasira nawe bado ninayo, kwa sababu ulikuwa unasema kweli.

Jioni ileile nilimweleza yote. Alisokota tumbaku yake taratibu mpaka ikaisha kusokotwa, ndipo akasema, "Baba yako aliiba kuku tu." Baadaye akauliza kama Auckland kuna baridi. Anakuja. Ile tiketi uliyoiacha nimeibadilisha tarehe, ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu.

Chai yake ni vijiko vitatu vya sukari, na atakuambia haina sukari. Tia kijiko kitupu ukoroge kwa kelele, atakunywa. Kila kitu chako atakitukana, kuanzia kitanda mpaka mume. Mjibu, usimwonee huruma. Akiwa mpole jua ni mgonjwa, mpeleke hospitali.

Macho yakifunguka usimwambie abaki, na usimwambie arudi. Muulize, halafu ufanye nilichoshindwa mimi: ungojee jibu lake.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu pia, na anasema umtafutie soksi nene, zisiwe za maua.

Ndugu yako asiye na adabu,
Sosaia