Swala Aliyezama Lambwe

Jumamosi, Aprili 1967

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mvua kubwa iliacha njia ya msitu wa Lambwe tope tupu. Mimi na binamu yangu Okelo tulikuwa tunarudi kwao, kwenye msiba wa mama yake, tukamkuta omoro, swala mkubwa kama ng'ombe, amezama hadi tumboni. Anahema tu.

Okelo akachomoa panga. "Omera, ndugu yangu, Mungu ametuona. Wageni wa msiba wamemaliza fahali wetu wa mwisho."

Nikamshika mkono. Jirani yake yuko jela kwa kuua digidigi bila kibali.

"Si wewe ulisimama sokoni ukasema sheria za wakoloni zimekwisha?"

"Nilisema ziondolewe. Hazijaondolewa."

"Basi tuwapikie wageni makala unazoandika gazetini."

Lakini alinisaidia. Tulikata matawi, tukayasukuma chini ya miguu ya mnyama, tukamvuta kwa pembe. Akatoka, akajikung'uta, akatupaka tope usoni, akaenda zake. Nilifurahi, ndiyo. Kwa muda mfupi.

Hatujafika mbali, bunduki ikalia nyuma yetu. Kisha Landrova ya serikali ikatupita, omoro wetu amelazwa nyuma, tope bado bichi. Mkubwa fulani wa Nairobi, mwenye kibali cha kuwinda. Akatupungia mkono. Mwafrika mwenzetu!

Jioni wageni wa msiba walikula kunde, aibu ambayo boma lile halijawahi kuiona. Okelo alinipakulia mimi kwanza, mbele ya wazee wote.

"Kula, omera. Hii haina kesi."