Shuka, Nimepokea

Baba Neema,

Mpunga umeingia ndani. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuulizia magoti yangu. Hali sikuulizi. Yako naijua, nilikuwepo wakikuzika, na yangu utaisoma humu. Usiucheke huu mwandiko. Kalamu nimeizungushia kitambaa ili vidole viishike, na bado inanitoroka kama samaki perege.

Ulituacha mpunga ukiwa kwenye palizi. Dada yako Oliva ndiye aliyelisimamia shamba la Katindiuka mpaka mwisho, na kwa kweli amelitendea haki. Mengine ni yale yale. Yule mama wa dukani hapa Mlabani bado ananiambia baridi yabisi inaletwa na kuoga maji ya baridi. Nami bado namjibu kwamba naoga maji ya moto tangu Neema yuko darasa la tatu, ila viungo vyangu havijapata hiyo habari.

Lakini silali, Baba Neema. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kule kukosa usingizi kwa sababu ya maumivu nimekuzoea, unajua. Nikilala chali mabega yanalia, nikigeuka nyonga inalia, vidole navyo vinavimba mpaka pete ikabidi niivae shingoni. Huko nakuweza. Huku kwingine ndiko sikuwezi. Vidonge vinafanya kazi, maumivu yanatulia, macho yanakuwa mazito, naanza kuzama. Hapo hapo moyo unaruka, nakurupuka nimekaa kitako, jasho linanitoka. Hakuna aliyeniita. Ni kwamba mara ya mwisho nilipolala usingizi mzuri kitandani kwetu, niliamka nikiwa mjane.

Ngoja nikukumbushe tulikotoka, maana nikikaa kimya naona kama yote nimeyaota.

Msimu wetu wa kwanza, mimi bado bibi harusi, nilikuletea chakula shambani ulipokuwa unaamia ndege, unawafukuza wasile mpunga. Wali na perege, nimeupika kwa mapenzi yangu yote, nimeubeba kichwani tangu nyumbani kwa mama yako. Nikakuita ushuke dunguni, kwenye kile kichanja chako cha miti. Wewe kimya, unapiga debe lako, unavuta kamba za makopo, ndege wanaruka upande huu wanatua upande ule. Nikakuita tena. Nikafikiri unakidharau chakula changu, nikavimba. Ndipo ukaniambia kutoka huko juu, "Niambie kwanza." Nikuambie nini tena, mwanaume wewe? "Sema, shuka, nimepokea. Ndivyo baba alivyotufundisha. Mtu haondoki dunguni mpaka anayempokea atamke." Nikasema kwa kununa, midomo imenitoka hivi. Ukashuka huku unacheka, ukala wali wote, na mimi nikabaki nahangaika na ndege kwa sababu nimeshapokea.

Nilikuona mtu wa vituko, kama askari wa lindo asiye na bunduki. Baadaye nilielewa. Kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeangalia, ndege hawahitaji muda mrefu.

Ugonjwa ulipoanza, ukalileta neno la shambani chumbani kwetu. Nilikuwa nalia kwa maumivu na kwa hofu pia, naogopa kulala nisije nikaamka nimekakamaa siwezi hata kujifunua. Ukachomoka ndani ya chandarua, ukakichomekea vizuri upande wangu, ukakaa nje kwenye kile kiti cha plastiki cha bluu. "Lala, naamia mimi." Nikakuuliza, nani anaamia ndege usiku? Ukasema, "Hawa wako ndio zamu yao." Ulijifunika kanga yangu, mbu wakakutafuna badala yangu, na mimi nikalala.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Usiku mbaya ulikuwa unaniwekea chenga za mchele kwenye soksi yako ya kuchezea mpira, unazipasha kwenye kikaango, unanilaza nazo magotini. Chumba kizima kinanukia ubwabwa. Nilikusema kwa kuchezea chakula, ukanijibu kwamba magoti yangu nayo yana haki ya kula. Asubuhi nikifumbua macho tu nasema, "Shuka, nimepokea," nawe unaingia kitandani, unajinyoosha kidogo kabla ya kwenda kwenye shughuli zako. Unakumbuka Neema alivyodhani tunadaiana shuka la kujifunika? Akalitoa lake akatuletea mlangoni, kalikunja vizuri. Hatukumrekebisha mwaka mzima.

Hukuwa unafanya hivyo kila siku, na wala sikutaka ufanye. Hata hivyo kujua kwamba upo, kwamba nikizidiwa utachomoka na kukaa pale, peke yake kulikuwa kunanilaza.

Ule usiku wa mwisho mvua ilinyesha sana. Nilikuwa nimeumia mchana kutwa. Ukapasha soksi, ukakaa kwenye kiti chako, ukasema maneno yako. Nikalala, Baba Neema. Nililala kama mtoto aliyeshiba, sikusikia mvua ilipokatika. Asubuhi nikakuona umeegemeza kichwa ukutani, soksi mapajani, kanga imekuteleza begani. Nikacheka. Nilicheka kabisa. Nikakuambia, "Leo mlinzi kalala, ndege wamemaliza mpunga." Nikasubiri unijibu kwa ujeuri wako.

Hukunijibu.

Hospitali walisema ni moyo, na kwamba presha uliyokuwa unaidharau ilikuwa imefanya kazi yake muda mrefu. Neema akauliza maswali mengi, mimi sikuuliza hata moja. Nilikuwa naiangalia ile kanga.

Sasa nikuambie jambo ambalo wanawake wa mtaa mzima wanalijua. Msibani kwako nililala. Sebuleni, kwenye mkeka, watu wamejaa, wengine wanaimba nyimbo za kanisani, wengine wanasengenya wakidhani sisikii, watoto wanaruka miguu yangu. Nililala usingizi wa pono. Nilisikia mmoja akisema, "Mjane gani huyu, anakoroma!" Oliva akamjibu vizuri tu, ile sauti yake unaijua. Mimi mwenyewe sikuelewa kilichokuwa kinanilaza. Matanga yalipoanuliwa watu wakafungasha mikeka yao wakaondoka, usingizi nao ukaondoka nao.

Nilirudi chumbani. Kiti kilikuwa pale pale, nikakataa kisiguswe. Chandarua kikanishinda. Pande zote naweza kuchomekea nikiwa nje, ila ule wa kuingilia unataka vidole vyenye nguvu kutokea ndani, na mimi vidole vyangu jioni ni mapambo. Nililia kwa ajili ya chandarua kuliko nilivyolia kaburini. Sasa Oliva amenishonea mifuko midogo ukingoni na kutia mchanga, kinaanguka chenyewe kwa uzito wake. Ungependa sana, halafu ungesema wewe ndiye uliyebuni.

Kliniki nilikwenda, usidhani nimekaa tu. Nesi mmoja, binti mdogo, ndiye aliyenibana mpaka nikasema. Amenipangia vidonge upya. Vile vyenye kusisimua mwili nimeze asubuhi na chakula, ambapo mimi nilikuwa navimeza jioni kwa kuogopa kuvisahau, na vya maumivu nisingoje mpaka nizidiwe. Chai mwisho mchana. Saa ya kulala isibadilike badilike. Nikiona usingizi haujaja, nisipambane nao kitandani, niamke nikae sebuleni mpaka unijie. "Mama yangu, kitanda ni cha kulala, siyo cha kuwazia." Nikamjibu, mwanangu, mawazo hayo hayana kitanda kingine. Akanishika mkono, ule unaouma, kwa upole sana.

Nafanya yote aliyosema. Soksi napasha mwenyewe, mara ya kwanza niliunguza chenga zote mpaka jirani akaja kuuliza kinachoungua. Yanasaidia, sitakudanganya. Maumivu yamepungua na asubuhi najivaa mwenyewe. Lakini pale pa kuzama, moyo bado ulikuwa unaruka, na nisipolala viungo vinanilipizia kesho yake. Neema akaanza kunitisha kwa simu: "Mama, ukiendelea hivi nakuja kukuchukua, utakaa na mimi Morogoro." Ananipenda, najua. Ila mimi nikifumbua macho Morogoro nitamtafuta nani?

Ndege walipoanza kusumbua mpunga, Oliva akawa ananichukua niende naye shambani, nisishinde peke yangu. Dunguni siwezi kupanda, magoti hayataki ngazi. Akanitandikia mkeka chini yake, kivulini. Siku ya kwanza tu, yeye yuko juu anapiga debe na kuwatukana ndege matusi ambayo Mkristo hapaswi kuyajua, mimi nikapitiwa. Moyo haukuruka. Niliamka jua limeshageuka, mate yamenitoka. Nikalia pale chini, na Oliva akadhani nimeumwa na siafu.

Ndipo nilipojua ni nini kilinilaza msibani. Kulikuwa na mtu macho.

Nesi hakufurahi kusikia nalala mchana mrefu namna ile, akasema ndiyo maana usiku unanikimbia zaidi. Nikapunguza. Nikaanza kuwa nakwenda shambani baadaye kidogo, nikimpelekea Oliva chakula.

Siku moja karibu na mavuno nimefika na bakuli langu, nimechoka, nafikiria mambo mengine kabisa. Nikainua uso nikasema, "Shuka, nimepokea." Yalinitoka tu. Oliva akashuka pale pale bila kuniuliza, maana na yeye ni mtoto wa baba yule yule. Amefika chini ndipo tukaangaliana. Hakuna aliyegusa chakula. Nikamweleza habari ya kiti na soksi na yale maneno yetu ya chumbani, ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Halafu akaniuliza, siyo kwa ubaya:

"Na kaka, ulimshusha?"

Baba Neema, sikukushusha.

Nilikutania habari ya ndege. Nikakutikisa, nikakuita, nikapiga kelele watu wakaja, wakakubeba, wakakuosha, padri akasema yake, kwaya ikaimba. Kila mtu alisema neno lake. Neno lako mwenyewe, lile ulilokuwa unalingoja kila asubuhi ya zamu yako, hakuna aliyelitamka. Kwa hiyo miezi yote hii, kila nikianza kuzama, nilikuwa najua kwamba bado umekaa pale, hujajinyoosha, unaniamia. Ningelalaje mimi, na wewe hujapumzika?

Mpunga sasa uko kwenye magunia. Dungu Oliva amelibomoa, miti yake ameichukua kuwa kuni. Shambani hakuna anayeamia tena. Na mimi leo mchana nimekitoa kile kiti chumbani. Nimekisukuma kwa nyonga kwa sababu mikono haikutaka, nikakiweka barazani panapopita watu, kikaliwe na yeyote anayekuja kunisalimia. Kanga nimeifua. Nilichelewa kuifua, nisamehe, ilikuwa bado ina harufu yako.

Nakuahidi vidonge nitameza kwa wakati wake, hata siku nisizoona faida yake. Nikikosa usingizi sitalala nimekodoa macho, nitaamka nipashe chenga, nikae barazani kwenye kiti chako mpaka usingizi unijie. Neema nitakwenda kumsalimia Morogoro, kisha nitarudi hapa. Na ndege wangu nitawaamia mwenyewe. Watakula kidogo, najua. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema hakuna shamba ambalo halikuliwa kidogo.

Sijui kama leo nitalala. Pengine moyo utaruka tena kwa mazoea. Sitakuita.

Umekaa macho vya kutosha, mume wangu. Miguu imekufa ganzi, mbu wamekumaliza, na kumekucha zamani. Ngoja niseme kwa sauti, nikiwa nimesimama pale kiti kilipokuwa, maana hutaki kuondoka mpaka mtu atamke.

Shuka, Baba Neema. Nimepokea.

Mama Neema