Mdogo Wako Anasema Amepona

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Wewe na maabara yako hamjambo?

Mdogo wako ameacha dawa za virusi vya UKIMWI tangu mwaka jana. Anasema ana nguvu, anatengeneza saa za watu kutwa nzima, sasa ameze vidonge vya nini? "Mama, mgonjwa gani anamaliza sufuria?" Nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikalia. Wewe unayevichunguza hivyo virusi, niandikie maneno nimsomee. Yangu ameyazoea.

Mama yako

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijambo, usingizi tu umenikimbia tangu barua yako.

Msomee hivi: Mdogo wangu, seli iliyoambukizwa hutakiwa kutundika alama nje, askari wa mwili waione waiue. Kirusi kina protini inayozivuta alama hizo ndani. Askari wanapita, wanaona kwema. Protini hiyohiyo huvuruga amri za seli, huiamsha kana kwamba kuna vita, nayo badala ya kukulinda inafyatua virusi vipya. Kujisikia mzima si ushahidi. Dawa haivitoi virusi vyote vilivyojificha, lakini inavizuia visizaane. Rudi kwenye dawa, nakuomba.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nimemsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada kasoma kweli." Akarudi kwenye saa zake. Dawa hajagusa.

Mama yako

15 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua zangu mbili hujazijibu. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Hali zetu si za kuulizana.

Mwezi wa nne mdogo wako alianza kuona vidoa vyeusi vikielea. Akalaumu taa, akabadilisha balbu. Hospitali wakasema kinga imeshuka mno, ugonjwa mwingine umepata mwanya, umeingia machoni. Sasa anameza dawa bila kuambiwa, na daktari anasema damu inaendelea vizuri. Macho hayatarudi. Wateja walikuja kuchukua saa zao, kila mmoja akimsemesha kwa sauti kubwa, utadhani alichopoteza ni masikio.

Kila asubuhi huniuliza kama kumekucha. Dirisha nimeshafungua, watu wameshakwenda kazini. Namwambia, "Bado, baba, lala kidogo." Maana akiamka ataniuliza afanye nini, nami sina la kumwambia.

Mama yako